ALIKATAA KUCHIMBA DAWA, WAKASEMA KAKANYAGA DAWA!

Nina neno limenikaa kooni tangu mwaka jana na leo nalitoa.

Najua mmezoea kuniona hapa nikiongea habari za uchumba, mavazi na mawifi wakorofi. Leo wifi yumo pia, lakini kisa chenyewe ni cha damu. Siyo damu ya kuchinjana, hapana. Ni hii hii inayotembea mwilini mwako sasa hivi wakati unasoma. Vuta kiti.

Baba Mdogo wangu ana duka la vipuri pale Mwanjelwa, Mbeya. Ana miaka 52. Sigara havuti, bia aliiacha siku nyingi, labda kikombe kimoja cha ulanzi akienda Iringa kwenye shughuli za ukoo. Ni mtu wa watu. Kasoro yake ni moja tu, hapendi kutembea. Kutoka nyumbani mpaka dukani ni dakika kumi na tano kwa mguu, lakini yeye lazima bodaboda aje amfuate mlangoni. Ukimuuliza anakwambia, "Mwanangu, miguu niliichosha utotoni kwenye milima ya Ludewa. Sasa hivi inapumzika."

Mwaka jana akasafiri kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, safari ya kutwa nzima. Mzee kapata siti ya dirishani, kajifunika koti, kalala. Makambako basi limesimama, kanunua mahindi ya kuchemsha kupitia dirishani. Mbele kidogo konda kapiga kelele, "Wa kuchimba dawa washuke, dakika tano!" Abiria wote wameshuka, wanaume kushoto, wanawake kulia. Baba Mdogo katulia. Iringa katulia. Mlima Kitonga mmeteremka, katulia. Maji hakunywa makusudi ili asije akasumbuliwa na haja. Kesho kutwa yake akarudi Mbeya kwa mtindo ule ule.

Siku ya tatu mguu wa kushoto umevimba. Ndama ya mguu inauma kama imekandamizwa na jiwe, ngozi ya moto.

Sasa hapo ndipo ukoo ulipoingia.

WIFI ANYOOSHEWA KIDOLE

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifika kutoka Iringa kwa basi la usiku. Hakuvua hata kitenge. Aliutazama ule mguu akatingisha kichwa, akasema, "Huyu kakanyaga dawa."

Msomaji wangu, angalia mambo ya dunia. Mtu kakataa kuchimba dawa njia nzima, halafu anaambiwa kakanyaga dawa!

Mganga aliletwa. Majani yalichemshwa, mguu ukakandwa asubuhi na jioni mpaka Baba Mdogo analia kama mtoto. Wakati huo swali likawa moja: nani kaitega hiyo dawa? Macho yote yakamgeukia mama yangu mzazi.

Nieleze kidogo ili muelewe. Upande wa baba ni watu wa milimani, Lugalawa, wilaya ya Ludewa, ambayo ilikuwa mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012 Njombe ilipojitenga kuwa mkoa wake. Upande wa mama ni watu wa Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Sasa upande wa baba watu wanaanguka. Babu mzaa baba alikufa kwa kiharusi. Baba Mkubwa naye kiharusi, mkono mmoja umekufa. Presha kwetu ni kama jina la ukoo. Lakini babu mzaa mama ana miaka themanini na ushee, na bado anavuta nyavu na vijana.

Shangazi akatoa hukumu yake: "Kwao hawaumwi, kwetu tunaisha mmoja mmoja. Afya yetu inahamishiwa ziwani. Wifi yangu anajua."

Mama hakujibu. Alichukua kanga yake akatoka nje akakaa kwenye jiwe. Miaka thelathini ya ndoa, siku ile ndiyo nilimwona mama yangu akionekana mgeni.

Siku ya tisa Baba Mdogo akaanza kuhema kama kakimbizwa na mbwa, na kifua kinamchoma. Hapo hakuna aliyebishana tena, tukampeleka hospitali. Daktari, kijana tu, alipoutazama mguu na kusikia habari za kukandwa alishika kichwa. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na kipande chake kimekatika kikasafiri mpaka kwenye mapafu. "Mngechelewa siku moja," akasema, halafu hakumalizia.

Baba Mdogo alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini daktari aliacha maneno mawili yaliyonitoa usingizi. La kwanza, alituuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuganda damu. La pili, alimwambia mgonjwa, "Mzee, miguu yako ndiyo pampu yako. Ukiizima, damu inalala."

Mimi niliishia kidato cha nne, na biolojia nilipata D. Lakini nikasema hili nitalitafuta mpaka nilijue, kwa sababu jina la mama yangu lipo ndani yake. Nimesoma, nimewauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

DAMU INA MWASHI NA MBOMOAJI

Ukijikata na kisu, damu inatoka halafu inasimama. Kinachoizuia ni nyuzi zinazosukwa papo hapo, zinaitwa faibrini. Zinafunga tundu kama wavu unavyoziba goli. Huyo ndiye mwashi.

Lakini mwashi akiachwa peke yake atajenga mpaka barabarani. Kwa hiyo mwili una mbomoaji. Katika damu yako muda wote kuna kitu kinaitwa plazminojeni. Kimelala, hakina madhara. Kikiamshwa kinageuka kuwa plazmini, na plazmini ni msumeno, inazikata zile nyuzi za faibrini vipande vipande mpaka bonge la damu linayeyuka.

Nani anamwamsha? Kuna mwamshaji anayehifadhiwa kwenye ngozi ya ndani ya mishipa. Wataalamu wanamwita tiPiEi. Na nani anamzuia mwamshaji asifanye fujo? Kuna breki, inaitwa PAI-1. Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja kuna mwashi, mbomoaji, mwamshaji na breki. Breki ikikaza sana, mabonge hayayeyuki. Breki ikilegea mno, unatoka damu ovyo. Afya ni kupima katikati.

Huyo mwamshaji siyo hadithi. Wataalamu walifanikiwa kumtengeneza kiwandani, na Marekani ilimruhusu kama dawa ya mshtuko wa moyo mwaka 1987, kisha kama dawa ya kiharusi cha kuganda damu mwaka 1996. Anachomwa kwenye mshipa, na kwa kiharusi kawaida lazima iwe ndani ya saa nne na nusu tangu kianze. Zingatia hizo saa, nitazirudia.

MBIO ZINAAMSHA DAMU

Sasa njoo kwenye miguu. Zamani sana, mwishoni mwa karne ya 18, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyeitwa John Hunter aliona jambo la ajabu: damu ya wanyama waliokimbizwa na wawindaji mpaka wakafa haikuganda. Wawindaji wetu wa zamani labda nao waliliona, ila hakuna aliyewaandika.

Halafu mwaka 1930 kule Moscow, daktari Sergei Yudin alimwongezea mgonjwa damu iliyotolewa kwa maiti. Msikunje uso, mgonjwa alikuwa amejikata mishipa na alikuwa anakufa. Yudin alikuja kuona kwamba damu ya mtu aliyekufa ghafla huganda, halafu yenyewe inayeyuka tena na kubaki majimaji. Mwili katika mshtuko wake wa mwisho umemwaga mwamshaji wote.

Mwaka 1947 watafiti wa Oxford, Biggs, Macfarlane na Pilling, wakaandika kwamba kwa watu wazima wazima, mazoezi au adrenalini vinaongeza nguvu ya damu kuyeyusha mabonge. Adrenalini ni ile inayokupanda ukikutana na nyoka shambani. Yaani ukikimbia, mwili unadhani unaweza kujeruhiwa na damu kuganda, kwa hiyo unaandaa na mbomoaji kabisa.

Inavyotokea ni hivi. Ukipanda mlima kwa haraka, mishipa inamwaga mwamshaji kutoka kwenye ghala lake. Pia damu inayokwenda kwenye ini inapungua, na ini ndilo linalomfagia mwamshaji huyo, kwa hiyo anadumu zaidi. Ukiongeza kasi, naye anaongezeka. Ukipumzika anarudi chini mapema. Ndiyo maana zoezi la mara moja kwa mwaka, siku ya bonanza la ofisi, halikusaidii. Ni kama kuoga: la jana ni la jana.

Kuna na hili la saa. Ile breki, PAI-1, huwa juu asubuhi na kushuka mchana kwenda jioni. Ni moja ya sababu zinazotajwa kwa nini mishtuko ya moyo hutokea zaidi asubuhi. Sikukatazi kukimbia alfajiri, lakini kwa mtu mzima aliyekaa miaka kumi bila zoezi, usiamke tu ukaparamia mlima Loleza. Kazi nzito ya ghafla inamwamsha mwashi pia, siyo mbomoaji peke yake. Anza kwa kutembea.

HERUFI MOJA TU

Sasa swali la daktari, lile la ukoo. Kwa nini watu wawili wanakaa kwenye basi moja, siti moja, mmoja anashuka mzima na mwenzake mguu umevimba?

Sehemu ya jibu ni urithi. Sote tunaijua sikoseli, kwamba mtoto anairithi kutoka kwa baba na mama. Breki ya damu nayo ina maelekezo yake ndani ya jeni. Pembeni ya jeni ya PAI-1 kuna mahali ambapo watu wengine wana herufi G nne mfululizo, na wengine wana tano. Herufi moja tu, katika kitabu cha herufi bilioni tatu! Wenye G nne kutoka kwa baba na G nne kutoka kwa mama huwa na breki inayokaza zaidi. Sisi wenye asili ya Afrika wengi wetu tunabeba zile tano, kuliko Wazungu.

Na hapa ndipo jeni inapokutana na raba za michezo. Mwaka 1999 watafiti wa Finland waliandika habari za wanaume wa makamo waliofanya mazoezi ya kawaida, siyo ya kujiua, kwa muda mrefu. Breki ilishuka kwa wale wenye G nne pande zote mbili. Yaani waliorithi kibaya zaidi ndio waliofaidika zaidi na kutembea. Nilipolisoma hili nilikaa kimya kidogo. Urithi siyo hukumu ya kunyongwa, bwana.

KWETU KUMBE TUNASOMWA ULAYA

Nilikuwa nafikiri haya yote ni mambo ya Ulaya. Halafu nikakutana na jina moja nikaruka kwenye kiti: LUGALAWA. Kijiji cha baba yangu!

Kumbe mwaka 1996 jarida kubwa la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti unaoitwa kwa jina la Lugalawa. Uliongozwa na Mtaliano, Paolo Pauletto. Walikuja kwetu wakawapima watu zaidi ya 1200 wa vikundi viwili. Kikundi cha kwanza, watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa ambao samaki kwao ni chakula cha kila siku. Kikundi cha pili, watu wa milimani jirani ambao wanakula mahindi, maharage na mboga, samaki ni wa kuhadithiwa. Wote Wabantu, wote wakulima na watu wa kazi za mikono. Tofauti kubwa ni sahani.

Matokeo? Ukichukua presha ya 160 kwa 95 kupanda juu, ziwani walikuwa nayo watu wasiofika 3 katika kila 100. Milimani walikuwa kama 16. Kolesteroli ya watu wa ziwani ilikuwa chini, ingawa hata ya watu wa milimani haikuwa ya kutisha. Na kulikuwa na kitu kingine katika damu, kinaitwa lipoprotini ndogo a, ambacho watu wa ziwani walikuwa nacho pungufu kwa zaidi ya theluthi moja.

Kwa hiyo Shangazi hakuwa ameota. Alichokiona kwa macho, Wataliano walikipima kwa mashine. Kweli ziwani wana nafuu. Lakini ngoja tuone nani kaihamisha hiyo afya.

KONDAKTA FEKI

Hiyo lipoprotini ndogo a iligunduliwa mwaka 1963 na Mnorwe, Kåre Berg. Mwaka 1987 wataalamu waliposoma umbile lake walishangaa: inafanana na plazminojeni, yule mbomoaji wetu aliyelala. Wana vifundo vilivyojikunja vilivyopewa jina la andazi la watu wa Skandinavia, kringle. Sura ni ya ndugu mmoja.

Lakini kazi ni tofauti. Fikiria daladala. Kuna konda wa kweli anayekusanya nauli, halafu anatokea mtu kavaa sare ile ile, kasimama mlangoni, hakusanyi kitu ila nafasi ameichukua. Konda wa kweli akifika hana pa kusimama. Ndivyo lipoprotini hii ilivyoonekana kwenye maabara: inakaa kwenye nyuzi za faibrini mahali pa mbomoaji, na bonge linachelewa kuyeyuka. Juu ya hapo inabeba mafuta na kuyaacha kwenye kuta za mishipa. Mwenye nyingi sana yuko kwenye hatari zaidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Na kiwango chake ni cha kurithi kuliko karibu kila kitu kingine katika damu. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 6. Vile vifundo vinaweza kuwa vichache au zaidi ya arobaini, kila mtu na idadi aliyopewa na wazazi wake. Mwenye vifundo vichache kwa kawaida ana lipoprotini nyingi. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani tunayo nyingi kuliko Wazungu. Na mazoezi, nasikitika kuwaambia, hayaipunguzi kwa maana yoyote. Huyu konda feki ukimkimbilia anakutazama tu.

Basi nikajiuliza, na nyie mmeshajiuliza: pengine watu wa ziwani wamezaliwa na jeni nzuri, watu wa milimani jeni mbaya, yamekwisha?

SIYO UCHAWI, NI USIPA

Jibu lilitoka mwaka 1999. Santica Marcovina wa chuo kikuu kule Seattle, Marekani, pamoja na wale Wataliano, walirudi kwenye damu za Lugalawa wakapima ukubwa wa ile protini, yaani idadi ya vifundo ambayo mtu amerithi. Wakalinganisha ziwa na mlima.

Urithi ulikuwa unafanana! Vifundo vya watu wa ziwani na vya watu wa milimani vilikuwa sawa sawa kwa mgawanyo. Hata ukimchukua mtu wa mlimani na mtu wa ziwani wenye ukubwa ule ule wa protini, wa ziwani bado alikuwa na kiwango cha chini. Hitimisho lao: samaki ndio waliohusika, siyo jeni.

Nilisoma mara tatu. Halafu nikafikiria mama yangu kwenye lile jiwe.

Afya haikuhamishwa na mtu usiku. Ilikuwa kwenye chungu. Mbasa, magege, usipa wa kuanika, kila siku ya Mungu tangu utotoni. Damu za watu wa ziwani zilikuwa na mafuta mengi ya omega-3, yale ya samaki. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa damu za huko huko ulionyesha pia kuwa leptini, homoni inayohusiana na mafuta ya mwili, ilikuwa chini kwa walaji wa samaki kuliko wa mboga hata kama uzito wao unafanana.

Sasa msiniandikie barua kwamba nimetukana maharage. Sijatukana. Mboga na maharage ni chakula bora. Na utafiti wa kulinganisha vijiji viwili hauwezi kuona kila kitu. Ziwani ni joto na tambarare, milimani ni baridi. Lakini jambo moja limesimama: damu ya ukoo wa baba na damu ya ukoo wa mama, kwa kipimo kile, zilitoka zimerithi sawa.

USIKAE KAMA MZIGO

Mguu wa Baba Mdogo nao sitausukumia samaki. Yeye hajapimwa jeni yoyote. Kilichomkuta kina jina la wazi: kukaa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni kama mara mbili, na siyo ndege tu, basi na treni pia. Hatari yenyewe kwa mtu mmoja ni ndogo, msiogope kusafiri. Lakini ukiongeza umri, unene, ujauzito, upasuaji wa karibuni au urithi wa ukoo, inapanda. Na si jambo la leo. Mwaka 1940 watu wa London walipokuwa wanalala kwenye viti vya kukunja ndani ya mahandaki ya kujificha mabomu, daktari Keith Simpson aliandika habari za waliokufa ghafla kwa mabonge ya damu kwenye mapafu. Bomu halikuwapata, kiti kiliwapata.

Na kiharusi nacho siyo cha wazee wa mjini tu. Utafiti uliofanyika kuanzia 2003 mpaka 2006 Hai na Dar es Salaam ulipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu laki moja kwa mwaka kule Hai, na 315.9 Dar, baada ya kusawazisha umri. Cha Dar kilikuwa cha juu kuliko nchi nyingi tajiri.

Basi chukua haya uondoke nayo.

Kwenye basi, konda akisema shukeni, shuka. Hata kama huna haja. Zunguka basi mara mbili. Ukiwa kwenye siti chezesha visigino, juu chini, kila baada ya muda. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa choo.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto baada ya safari au kulala muda mrefu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiukande! Kukanda kunaweza kulisukuma bonge likasafiri. Ukihema kwa shida na kifua kuchoma, hiyo ni ya dakika, siyo ya kesho.

Mdomo ukipinda, mkono ukishindwa kunyanyuka, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi. Angalia saa, kumbuka saa nne na nusu. Na usimpe mgonjwa aspirini nyumbani, kwa sababu kiharusi kiko cha damu kuganda na kiko cha mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Pima presha. Tembea kila siku mpaka uheme kidogo. Wana Mbeya na Iringa tumepewa milima bure, halafu tunalipa bodaboda itupandishe!

KIKAO CHA UKOO

Jumapili moja baba aliita kikao, nyumbani Mbeya. Nilisimama na karatasi zangu, magoti yananitetemeka, maana mtoto kumfundisha shangazi si kazi ndogo. Nilianza, "Shikamoo Shangazi, naomba radhi kwanza." Nikaeleza yote, mwashi na mbomoaji, konda feki, Lugalawa, samaki. Baba Mdogo alikuwa ananyoosha miguu kwenye mkeka, anachezesha visigino.

Nilipomaliza palikuwa kimya. Shangazi aliuliza swali moja tu. "Hao Wazungu, waliwapima kwetu kweli? Lugalawa hii hii?"

"Hii hii, Shangazi."

Hakumtazama mama. Alijifunga kanga upya, akakohoa, akachukua chai yake. Kuomba msamaha mbele ya watoto kwake haiwezekani, namjua. Lakini kabla ya kuondoka alisimama mlangoni na kikapu chake, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mwezi ujao ukienda Kyela, uniletee usipa. Wa kilo tano. Na uniambie kwenu mnaupikaje."

Mama akasema, "Sawa, wifi." Halafu akamsindikiza mpaka stendi. Kwa mguu.

Baba Mdogo je? Juzi kasafiri tena kwenda Dar. Konda ananiambia siku hizi basi likisimama, wa kwanza kushuka ni yeye, na wa mwisho kupanda ni yeye, mpaka wampigie honi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Wiki ijayo narudi kwenye mapenzi, msiwe na wasiwasi.